Watu Watatu wa Msisima na Kitanda Kimoja

Mlio karibu sogeeni, mlio mbali tegeni sikio. Anayetaka kusinzia asinzie sasa hivi, kwa sababu mwishoni mwa hadithi hii kila mtu ataulizwa swali, na aliyesinzia hatakuwa na haki ya kubisha.

Palikuwa na mji ulioitwa Msisima, kando ya ziwa, na mjini hapo palikuwa na kinu cha nyuklia kilichowasha taa za nusu ya nchi. Zamu ya asubuhi ya kinu hicho ilikuwa na watu wengi, lakini sisi tunawataka watatu tu. Kila mmoja wao alijaliwa kipaji.

Wa kwanza ni Lubuva, kiongozi wa zamu, mtu wa miaka hamsini na moja mwenye viganja vipana. Kipaji chake kilikuwa humo humo viganjani. Akiliwekea bomba mkono alikwambia kama maji yanapita au hayapiti, yana moto kiasi gani, na kama pampu inayoyasukuma imechoka. Mafundi vijana wenye vipimo vyao walimcheka, wakaenda kupima, wakarudi kimya.

Wa pili ni Eliakunda, mhandisi wa chumba cha kuongozea mitambo. Huyu alikuwa na kichwa cha hesabu. Umpe namba kumi kwa mkupuo, akupe jibu kabla hujafumba mdomo. Alikuwa mkali na hakupenda soga. Ukimsalimu "za siku nyingi" alikukumbusha kwamba mlionana Jumanne.

Wa tatu ni Shomvi, dereva, kijana wa pwani aliyeletwa Msisima na ajira. Kipaji chake kilikuwa usukani. Alirudisha kinyumenyume lori lenye tela kwenye kichochoro ambacho wewe ungeogopa kupitisha mkokoteni, na muda wote huo alikuwa anapiga domo.

Alikuwapo na wa nne, Mzee Chitemo, ambaye bila yeye tusingekuwa na la kusimulia. Chitemo alitunza pampu ya akiba. Kinu cha nyuklia kinakunywa maji mchana na usiku, kikiyakosa kinajiunguza chenyewe. Pampu kubwa za kukinywesha zinatumia umeme. Umeme ukikatika, jenereta inawaka. Jenereta nayo ikigoma, ndipo inaitwa pampu ya akiba, inayozungushwa na mvuke wa kinu chenyewe. Miaka ishirini na miwili haikuitwa hata mara moja, na miaka yote hiyo Chitemo aliifuta vumbi, aliipaka grisi na kuzungumza nayo. Mkewe, mama Nehemia, alikuwa akisema pampu ile ni mke mwenzake.

Alhamisi moja Chitemo alifunga koki kubwa ya pampu ile ili abadilishe mpira uliochakaa. Jioni ikamkuta hajamaliza, akaenda nyumbani akinuia kuifungua kesho yake. Hakuandika popote, maana tangu lini mtu mwingine akaigusa pampu ya Chitemo? Ijumaa alfajiri moyo wake ukasimama.

Sasa shikeni desturi ya watu wa Msisima, kwa sababu hapa ndipo penye kiini. Fundi akifariki, chombo chake cha kazi hakiguswi mpaka matanga yaanuliwe. Cherehani ya marehemu hufunikwa. Kiti cha kinyozi hugeuziwa ukutani. Sufuria ya mama lishe hulazwa kifudifudi. Siku ya tatu mtu mzima huondoa kitambaa cha msiba na kumkabidhi mwingine chombo, na hapo ndipo marehemu anahesabiwa kwamba ameaga kazini. Kukigusa kabla ni kumfukuza.

Lubuva alimpenda Chitemo. Walianza kazi wiki moja, walikula meza moja miaka ishirini na miwili. Kwa hiyo Ijumaa ile alikwenda kwa mama Nehemia akakatiwa kipande cha kaniki, kitambaa cheusi cha msiba cha kufungwa kwenye chombo cha marehemu, na aliporudi kazini aliwaza akifunge wapi. Pampu yenyewe ilikuwa chini kabisa, nyuma ya milango mitatu ya chuma. Kikifungwa huko nani atakiona? Akakifunga katika chumba cha kuongozea mitambo, kwenye mkono wa kuwashia pampu ile, mbele ya macho ya wote. Kaniki ikaning'inia vizuri, ikafunika na vitaa viwili vidogo vilivyokuwa chini ya mkono huo. Kimoja cha kijani, cha kusema koki iko wazi. Kimoja chekundu, cha kusema imefungwa. Na chekundu kilikuwa kinawaka, naye hakukitazama.

Shomvi naye alimpenda Chitemo. Mazishi yalikuwa Jumamosi, kijijini kwao marehemu, mwendo wa saa tano, na waombolezaji walijaa malori matatu. Gari la kuleta mafuta lilikuwa limechelewa wiki nzima. Shomvi akamwendea kiongozi wake.

"Mzee Lubuva, watu wamekaa juani na malori hayana kitu. Tangi la jenereta limejaa pomoni na haijawaka tangu mwaka juzi."

"Utalirudishia lini?"

"Jumatatu jioni, nikiwa hai."

Lubuva akatikisa kichwa kukubali. Ungekuwa wewe ungekataa, maiti isizikwe? Shomvi akanyonya mapipa sita, akawafikisha waombolezaji wote, akawarudisha wote.

Eliakunda, msione ukali wake, alimpenda Chitemo kuliko alivyoonyesha. Mzee yule alikuwa mtu pekee aliyethubutu kumtania. Kulikuwa na kengele ya kuonya mafuta ya jenereta yanapokaribia kwisha, ambayo ilipiga ovyo kila hewa ilipokuwa na unyevu. Eliakunda aliandika barua nne iletewe waya mpya, na barua nne hazikujibiwa. Jumatatu, siku ya kuanua matanga, wafanyakazi walikusanyika uani kwa sala, na wingu la mvua lilikuwa limetanda. Eliakunda hakutaka kengele ya uongo ipige kelele katikati ya sala ya rafiki yake. Akaizima.

Ilikuwa saa nne asubuhi. Upepo ukaja kabla ya mvua, ukalaza nguzo tatu za umeme ng'ambo ya mto, na umeme wa Msisima ukakatika.

Kinu kikajizima chenyewe kama kilivyofundishwa. Watu uani wakapumua. Lakini kinu cha nyuklia ni kama jiko la mkaa: ukishaepua chungu, makaa hayajui kwamba umemaliza kupika. Yanataka maji bado, siku na siku. Jenereta ikawaka. Ikanguruma dakika arobaini, ikakohoa, ikazimika. Tangi lilikuwa tupu, na kengele ya kuonya ilikuwa imenyamazishwa.

"Pampu ya akiba!" akapiga kelele Eliakunda.

Lubuva akanyoosha mkono na mkono ukakataa. Kaniki ilikuwa pale, matanga hayajaanuliwa. Alimwomba Chitemo radhi kwa sauti, mbele ya wenzake, kisha akaingiza vidole chini ya kitambaa bila kukiondoa, akavuta. Huko chini pampu ikazunguka, wakaisikia, wakashangilia. Ilizunguka nusu saa nzima ikisukuma maji kwenye koki iliyofungwa, na hakuna aliyejua, maana kitaa chekundu kilikuwa kimevaa msiba.

Msinikatize, najua mnataka kusema. Subirini.

Lubuva ndiye aliyeshtuka. Bomba la pampu ile lilipita nyuma ya ukuta, na yeye alilipitia mkono kwa mazoea tu. Halikuwa na mtetemo wa maji. Alirudi mbio, akaing'oa kaniki, akakiona chekundu. Kabla hajasema neno, paa la jengo la kinu likanyanyuka kwa kishindo likatua uani vipande vipande, na pamoja nalo yakatua mawe meusi yaliyotoka ndani, ambayo hayakupaswa kuonwa na jicho la mtu yeyote.

Wengi walikimbia. Tusiwacheke, na sisi tungekimbia.

Lubuva alishuka chini. Milango mitatu ya chuma, mvuke kila upande, giza. Koki ya Chitemo ilikuwa na usukani mpana kama sinia la pilau na ilitaka mizunguko themanini na minne. Viganja vilivyokuwa kipaji chake vilibabuka kwenye mzunguko wa ishirini. Alivua shati akavifunga, akaendelea. Alipofika themanini na nne maji yakapita, akayasikia yakipita, akaketi chini akalia kama mtoto.

Eliakunda alibaki juu, peke yake, na tochi mdomoni. Vipimo vitatu tu ndivyo vilikuwa hai. Mvuke ulikuwa umejaa ndani ya kinu na ilibidi utolewe nje. Ukitolewa mapema, sumu yake itawakuta watu wa mji bado barabarani. Ukicheleweshwa, kinu chote kitapasuka, na hapo si Msisima tu itakayokwisha. Alipiga hesabu ya upepo, ya joto, ya mwendo wa watu wanaokimbia kwa miguu wakiwa na watoto. Akasubiri dakika kumi na saba, mkono juu ya swichi, huku ukuta wa chumba ukitoa jasho. Dakika ya kumi na nane akafungulia. Baadaye wataalamu walikaa wiki mbili na mashine zao, wakasema kumi na nane ndiyo ilikuwa dakika yenyewe.

Shomvi alikuwa ameshatoka. Hilo mlikumbuke: lori lake lilikuwa limejaa watu wa sala, amewafikisha upande ambao upepo hauendi, amekwisha kuokoka. Akalitafuta lile gari la mafuta lililochelewa, akalikuta limekwama kwenye msongamano barabara kuu, akampokonya dereva wake ufunguo, akarudi nalo. Uani njia ilikuwa imezibwa na chuma cha paa na yale mawe meusi. Alishuka, akavisogeza kwa mikono yake, akapanda, akapita, akamimina. Jenereta ikawaka na pampu kubwa zikaanza kunywesha kinu, wakati mvuke wa kuzungushia pampu ya akiba ulikuwa unaishia.

Bila koki, dizeli ya Shomvi ingekuta kinu kimeshayeyuka chote. Bila dakika ya kumi na nane, koki na dizeli vingeruka angani pamoja. Bila dizeli, maji yangekatika baada ya robo saa. Ungemtoa mmoja, wawili waliobaki wangekuwa wamejichosha bure.

Msisima ilihamishwa siku ile ile, watu elfu arobaini. Waliambiwa siku tatu, wakaacha ufunguo chini ya kopo na maharage jikoni. Miezi imepita na hakuna aliyerudi. Ng'ombe walibaki wakilia bila wa kuwakamua, mpaka wakanyamaza. Samaki wa ziwa wamepigwa marufuku. Kwenye vijiji walikopokelewa, watu walikataa kuwapa mkono; nyanya za mwanamke wa Msisima zilioza mezani hata baada ya kupimwa na kuonekana safi, na shuleni watoto wao walikalishwa dawati la nyuma, wakaitwa "wa moshi." Walioota ndoto waliota nyumba zao. Hata arobaini ya Chitemo haikufanyika ilivyopasa, maana kaburi lake lilikuwa upande ule upepo ulikoelekea.

Wale watatu walilazwa kwenye darasa la shule ya kata lililogeuzwa wodi. Kila mfanyakazi wa kinu huvaa beji kifuani inayobadilika rangi kadiri mwili unavyopigwa na mionzi. Beji zao zilikuwa nyeusi zote tatu, nyeusi sawasawa. Nywele zilidondoka kwa pamoja. Damu ilikuwa inawaishia kwa pamoja.

Ndipo Daktari Gwandu akaingia na fomu.

"Kuna hospitali nje ya nchi inayoweza kuwapandikizia uboho mpya. Atakayekwenda, uwezekano wa kupona ni mkubwa. Wametupa kitanda kimoja. Kingine kitapatikana baada ya wiki sita."

"Na sisi wiki sita tunazo?" Eliakunda akauliza.

Daktari akatazama fomu yake. "Hapana."

"Basi chagua, wewe ndiye daktari," akasema Shomvi.

"Nimewapima mara tatu nikitafuta tofauti. Hamna tofauti. Siwezi."

Eliakunda akajiinua kwenye mto. Hata katika hali ile aliwasahihisha. "Kuna kanuni. Kila jambo la zamu linaamuliwa na kiongozi wa zamu mpaka atakapoikabidhi kwa maandishi. Zamu ya Jumatatu ile haikukabidhiwa kwa mtu. Mzee Lubuva bado ni kiongozi wetu. Aandike yeye."

"Na jina langu mimi?" akauliza Lubuva.

"Kanuni haisemi usijiandike."

Gari lingekuja kesho yake saa sita mchana. Daktari akamwachia fomu na kalamu, akatoka haraka haraka.

Tangu hapo Lubuva hakutulia. Alikaa kitandani akainuka. Alienda dirishani akarudi. Alitoka uwanjani akizunguka mlingoti wa bendera, fomu mfukoni, mikono imefungwa bandeji hadi viwikoni, watu wakimpisha njia kwa heshima au kwa woga, hakujua. Tusimsingizie ushujaa: Lubuva aliogopa kufa. Alikuwa na mke, Perusi, aliyekuja kila asubuhi na uji na kusimama nyuma ya kamba iliyowekwa ili wagonjwa wasikaribiwe, na kila alipomwona alitaka kuruka ile kamba. Alijua jina lake lina herufi sita tu. Aliona aibu kulijua hilo, na bado alilijua.

Asubuhi Shomvi alimfuata uwanjani akijikokota, maana hakuwa mtu wa kungoja.

"Mzee, mimi sitakuzunguka. Mimi nataka kuishi."

"Sote tunataka, Shomvi."

"Ndiyo, lakini mwenzenu sikutakiwa kurudi. Nyie mlikuwa ndani, mlikwisha kuingia. Mimi nilikuwa nje, nimeokoka, mafuta ninayo, barabara ninayo. Nikageuza. Na mimi si mtu wa kinu, mimi ni dereva. Hakuna aliyenifundisha yale mawe ni nini. Niliyashika kama matofali, mzee."

"Dizeli uliitoa wewe."

"Niliitoa kwa kibali chako." Alisema bila hasira, na ndiyo maana ilimchoma Lubuva. "Mke wangu ana mimba ya miezi saba. Sikwambii ili unionee huruma. Nakwambia ili usije ukasema hukujua."

Lubuva alirudi ndani. Eliakunda alikuwa anaandika namba kwenye daftari la mazoezi la mtoto wa shule.

"Umekuja kunisikiliza au kuniaga?" akauliza.

"Kukusikiliza, mhandisi."

"Basi sikiliza mara moja, nimechoka. Kinu bado kinavuja. Makaa yameyeyuka yakashuka, na yameshuka wapi, nani anajua? Vipimo vilikufa. Nilikuwa mimi peke yangu mle chumbani, na namba zote za dakika zile ziko kichwani mwangu. Hapa naandika, lakini siku za kuandika zote sina. Nikifa kabla sijamaliza, watakaokwenda kukiziba watakwenda wakipapasa, na watakufa. Wangapi, sijui. Hiyo ndiyo hesabu. Mimi nisingekuwa mimi, ningekwambia hivyo hivyo."

"Na kengele?"

Akalifunga daftari. "Kengele niliizima mimi," akasema. "Kwa mkono wangu, na hakuna aliyenituma. Barua nne hazinisafishi. Hiyo nayo iingize kwenye hesabu."

Kisha, kwa sauti ndogo ambayo haikuwa yake: "Naogopa, mzee Lubuva. Hilo usiliingize."

Saa tano mama Nehemia akaja. Alikuwa bado kwenye eda ya desturi yao, kichwa kimefunikwa, na alisimama nyuma ya kamba, Lubuva upande huu yeye upande ule.

"Shemeji, nasikia unatafuta jina."

"Natafuta, shemeji."

"Tume inayochunguza ajali imeniita. Wanasema marehemu ndiye aliyefunga ile koki na hakuandika. Wanataka waseme ni kosa lake, yeye peke yake, maana hawezi kujibu. Nikawaambia kaniki nimeikata mimi. Wakanicheka." Akafuta macho kwa ukingo wa kanga. "Mimi sina la kukushauri. Ila wewe ndiye uliyeona koki kwa macho yako. Wenzako hawakuiona: mmoja aliona kitaa tu, mwingine alikuwa nje. Ukifa, nani atasema mume wangu alikuwa anabadilisha mpira ili pampu iwe nzima? Watamzika mara ya pili, shemeji, na safari hii vibaya."

Lubuva akaigusa fomu mfukoni. Kumbe hata yeye alikuwa na sababu njema ya kuishi. Ilimfurahisha, na kufurahi kule kukamtisha. Je, ni haki ya Chitemo iliyomsukuma, au ni ile hofu yake imepata nguo nzuri ya kuvaa? Akazunguka mlingoti tena, mara tatu, mara nne.

Alijihukumu. Kaniki aliifunga yeye. Kibali cha dizeli alikitoa yeye. Kengele ilizimwa katika zamu yake. Kosa likigawanywa, sehemu yake ni nene. Lakini sifa nayo ikigawanywa? Ni mkono wake uliogundua bomba halina maji, na bila kugundua kule Eliakunda asingejua kuna la kupigia hesabu, wala Shomvi asingekuta kinu cha kurudia. Mwenye kosa kubwa na mwenye sifa kubwa akiwa mtu mmoja, unampa nini? Unampa kitanda au unamnyima?

Saa sita kasoro dakika tano gari likaingia uwanjani na vumbi lake. Daktari Gwandu akashuka, akanyoosha mkono.

"Fomu, mzee."

Eliakunda alikuwa ameletwa mlangoni kwa kiti. Shomvi alikuwa ameegemea ukuta. Lubuva aliitoa fomu, akaiweka juu ya goti, akashika kalamu kwa vidole viwili vilivyobaki nje ya bandeji. Aliandika polepole, kwa herufi kubwa. Akampa daktari.

Daktari akasoma. Akainua uso. "Jina hili?"

"Hilo."

Gari likaondoka na mtu mmoja. Wawili wakabaki uwanjani, na hakuna aliyepunga mkono.

Naona midomo imeshafunguka. Nilitegemea. Kila hadithi hii inaposimuliwa watu wanagombana, na mahali pamoja mke na mume walirudi nyumbani kwa njia mbili. Yupo atakayesema ni Shomvi, kwa kuwa yeye tu ndiye aliyeokoka kisha akarudi mwenyewe, na mkewe ana mimba. Atajibiwa kwamba mapipa sita hayakuondoka yenyewe, na kwamba mafundi watakaotumwa kuziba kinu nao wana wake wenye mimba. Yupo atakayesema ni Eliakunda, kwa kuwa kichwani mwake mna maisha ya watu asiowajua. Ataulizwa: tangu lini mtu akaokolewa kwa sababu ya matumizi yake, kana kwamba ni daftari? Na yupo atakayesema ni Lubuva, aponye mwili, aje asimame mbele ya tume aibebe lawama yake na kumtetea asiyeweza kujitetea. Huyo naye ataambiwa: kiongozi anayejiandika mwenyewe, kesho nani atakubali kuingia zamu yake?

Na msiniletee habari ya kutomwandika mtu. Kitanda kisingelala tupu, kingepewa mgonjwa wa nchi nyingine. Watatu wangekufa badala ya wawili. Wala msiseme waokote karatasi bahati iamue, kwa maana Lubuva aliwaza hivyo na akaona ni njia ya kumsukumia kosa mtu asiyekuwapo, na hilo tume ilikuwa inalifanya tayari.

Basi nimemaliza, zamu ni yako. Fomu iko juu ya goti lako na gari linanguruma uwanjani. Je, wewe ungeandika jina la nani? Na ukishalitaja, usikae kimya: geuka uwatazame wale wawili, uwaambie kwa mdomo wako mwenyewe kwamba wao wanabaki.